Msukumo wa Kwanza: Jinsi Mota ya Friji Inavyoanza Kazi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa chakula wa shule.)



Nilipopata barua ya kuombwa kuzungumza siku ya leo, nilidhani imepotea njia. Miaka iliyopita mmesikilizishwa hapa na daktari, na hakimu, na mtu wa benki. Mimi ni fundi wa friji. Tangu mwaka 1983 kazi yangu imekuwa kupiga magoti nyuma ya friji za watu, hapo Tanga na vitongoji vyake. Nilimwambia Katibu kwamba sina la kuwaambia wasomi. Akanijibu, "Njoo na hilo hilo la magotini." Basi nimekuja nalo. Hiki chuma cheusi kilicho mezani ni kompresa ya friji, na nimeikata kwa msumeno ili mlione tumbo lake. Nitaipitisha kwenu baadaye. Ni nzito, msije mkaiangusha kwenye vidole.

Nataka kuwaeleza jambo moja tu: mota iliyo ndani ya chuma hiki inaanzaje kuzunguka, na ikishaanza inaendeleaje. Nitawaambia pia jinsi kutokulijua jambo hilo kulivyonifanya nimdhulumu mtu.

FENI YA MAKTABA

Wenzangu wa miaka ile mtaikumbuka feni ya maktaba. Ukiwasha swichi, ilinguruma lakini haikuzunguka. Ilibidi mtu achukue mti wa ufagio, apande juu ya kiti, ayasukume mapanga kidogo. Hapo ilishika mwendo na kuendelea yenyewe. Sisi watundu tukagundua mchezo: ukiisukuma kulia, inazunguka kulia, ukiisukuma kushoto, inazunguka kushoto. Tuliwekeana dau la sukari.

Siku moja mwaka 1977 mwalimu wetu wa fizikia alitukuta. Sote tulijua fimbo inakuja. Hakutuchapa. Aliitazama feni, akatuuliza swali: kwa nini mashine haijui upande wa kwenda mpaka ninyi muiambie? Hakuna aliyejibu. Akasema tumletee jibu siku tutakapolipata, akaenda zake. Mimi nililipata baada ya miaka tisa, na nitawaambia lilinigharimu nini.

MAJI YANAYOJAA NA KUPWA

Umeme unaoingia majumbani mwetu ni wa fezi moja, volti 230. Mkondo wake haukai upande mmoja. Huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Sasa tazameni hapa ndani ya kompresa. Huu waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi ni koili kuu. Umeme ukipita humo, koili hugeuka sumaku. Mkondo ukirudi nyuma, sumaku nayo hugeuka, kaskazini ikawa kusini.

Lakini angalieni vizuri: sumaku hiyo haizunguki. Inapata nguvu, inaishiwa, inageuka, inapata nguvu tena, mahali pale pale. Ni kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa kwenye gati. Yanapanda na kushuka siku zote, wala hayajapata kuizunguka gati.

Katikati ya koili hiyo kuna rota, ambayo ni silinda ya chuma yenye vipande vya alumini ndani yake. Rota huvutwa na sumaku inayozunguka. Wataalamu husema, na hesabu zinakubali, kwamba sumaku hii inayojaa na kupwa ni sawa na sumaku mbili zinazozunguka kwa kupingana, moja kulia na nyingine kushoto. Rota ikiwa imesimama, zote mbili huivuta kwa nguvu sawa, kama timu mbili zinazovutana kamba bila kushindana. Basi rota inatetemeka, inanguruma, inapata joto, na haiendi popote. Lakini ikisukumwa kidogo upande mmoja, timu ya upande huo hupata nguvu zaidi na ile nyingine hulegea. Kuanzia hapo rota hujiendesha yenyewe.

Hilo ndilo jibu la mwalimu wetu. Mota ya fezi moja yenye koili moja tu haina upande wake. Inaweza kuendelea, lakini haiwezi kuanza.

Mota ya fezi tatu, kama ile ya kinu cha kusagia, haina taabu hiyo. Fezi zake tatu hufika kwa kupokezana, na sumaku huzunguka tangu mwanzo. Wanasayansi wawili, Galileo Ferraris wa Italia na Nikola Tesla aliyekuwa Marekani, walitangaza mwaka 1888, kila mmoja kwa njia yake, kwamba mikondo iliyopishana wakati inaweza kuzungusha sumaku. Lakini majumbani mwetu fezi ni moja. Na kompresa imefungwa kabisa ndani ya chuma, haina tundu la kupitisha mti wa ufagio. Basi nani ataisukuma?

KOILI YA PILI

Tazameni tena. Katikati ya waya hizi nene mtaona waya nyembamba. Hiyo ni koili ya pili, koili ya kuanzishia, iliyowekwa pembeni mwa ile kuu. Waya nene ya koili kuu huuchelewesha mkondo nyuma ya volti. Waya nyembamba ina ukinzani mkubwa, na mkondo wake hauchelewi sana. Kwa hiyo sumaku ya koili moja hufikia kilele kwanza, kisha ya koili nyingine. Hapa, halafu pale. Rota huona kama sumaku inazunguka, na huifuata. Msukumo umepatikana.

Kwa friji ndogo ya nyumbani hilo linatosha. Kwa friza kubwa huongezwa kapasita ya kuanzishia. Kapasita huutanguliza mkondo wa koili ya pili mbele ya volti, mpaka tofauti ya koili mbili inakaribia robo ya mzunguko, yaani sehemu moja ya 200 ya sekunde. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta msukumo mkubwa.

Sasa, vijana, sikilizeni neno ambalo mafundi wengi hulisahau. Anayesukuma gari iliyozimika hapandi ndani ikishawaka. Husukuma, kisha hubaki nyuma. Koili ya kuanzishia nayo ni nyembamba, haikuumbwa kubeba mkondo siku nzima. Mota ikifika karibu robo tatu ya mwendo wake, koili hiyo lazima ikatwe. Kazi yake yote haizidi sekunde moja au mbili. Ikiachwa ndani, huungua, na hapo ndipo kompresa hufa kweli.

Anayeikata ni kifaa kidogo kinachoitwa rilei, kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Zile za zamani zina koili yake ndogo. Mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa, mara tano au zaidi ya ule wa kawaida. Mkondo huo huinua kipande cha chuma ndani ya rilei, na koili ya kuanzishia huunganishwa. Mwendo ukishika, mkondo hupungua, chuma huanguka, koili huachwa. Ule mlio wa "tak" unaousikia nyuma ya friji inapowaka ndio huo.

Friji nyingi za miaka ya karibuni hazina chuma hicho. Zina kidonge cha kauri. Kikiwa baridi hupitisha umeme, kikipata joto huuzuia karibu wote. Hakina cha kulika, lakini kina sharti moja: kikishapata moto, hakiwezi kuanzisha mota tena mpaka kipoe, na hilo huchukua dakika kadhaa.

FRIZA YA MAMA MUUZA SAMAKI

Sasa nirudi kwenye mwaka 1986. Palikuwa na mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyeuza samaki na barafu. Mali yake yote ilikuwa friza moja. Jioni moja aliniita. Friza ilinguruma sekunde chache, ikalia "tak", ikanyamaza. Baada ya dakika mbili ikarudia. Niliigusa kompresa nikaikuta ya moto kama pasi. Nilikuwa kijana, nina miaka mitatu kazini, na mtaa mzima uliniita injinia. Nilisimama, nikafuta mikono, nikasema kompresa imekufa.

Sikupima kitu. Mita nilikuwa nayo mfukoni.

Kompresa mpya ilikuwa haipatikani, na ikipatikana bei yake hakuiweza. Samaki wa siku ile aliwagawa wengine, wengine akawatupa. Baada ya wiki mbili akaniuzia friza kwa bei ya chuma chakavu, akaikabidhi nafasi yake ya sokoni kwa mtu mwingine, akarudi kwao, kijijini upande wa Pangani.

Friza ilikaa karakanani kwangu miezi minne. Siku moja nilihitaji rilei, nikaichomoa ya friza ile. Ndani yake midomo ya kugusana ilikuwa imeungua, nyeusi kama mkaa. Nilisimama hapo kwa muda. Kisha nikachukua mita, nikapima zile pini tatu za kompresa. Zote zilikuwa nzima. Nikaweka rilei nyingine. Friza ikawaka mara moja, na kufika usiku maji yakawa barafu.

Kompresa haikuwa imekufa. Ilikosa wa kuisukuma tu. Ilikuwa ile ile feni ya maktaba, na mimi niliyeicheza kwa dau la sukari sikuitambua.

Nilikodi gari nikampelekea friza yake. Mlangoni kwake ndipo nilipokumbuka kwamba kijiji kile hakikuwa na umeme. Mama yule alicheka, kicheko ambacho sijakisahau. Akasema, "Mwanangu, ulizika mtu aliyelala, sasa unamletea uji kaburini." Niliirudisha friza mjini, nikaiuza kwa bei yake halali, nikampelekea fedha kwa mafungu matatu. Alizipokea. Lakini sokoni hakurudi tena. Nafasi yake ilikwisha kupata mwenyewe.

PINI TATU

Tangu siku hiyo sijapata kutangaza kifo cha kompresa kabla ya kupima. Nitawaeleza ninavyopima, maana ni hesabu ya kujumlisha ya darasa la pili.

Kwanza chomoa plagi, usitegemee swichi. Kama kuna kapasita, itoe umeme wake kupitia balbu ya zamani au kizuizi cha ukinzani mkubwa. Kapasita hukaa na umeme hata baada ya plagi kutoka. Mimi imeniangusha chali nikiwa na vyeti vyangu vyote. Kisha ondoa rilei, utaziona pini tatu. Moja ni ya pamoja kwa koili zote mbili, moja ya koili kuu, moja ya kuanzishia. Pima ukinzani kwa jozi. Tuseme umepata omu 10, omu 22 na omu 32. Je, 10 na 22 si 32? Basi koili hazijakatika. Jozi yenye 32 imepitia koili zote mbili, kwa hiyo pini iliyobaki nje ya jozi hiyo ndiyo ya pamoja. Kutoka hapo, upande wa omu 10 ni koili kuu, na upande wa omu 22 ni ya kuanzishia. Mwisho pima kila pini na mwili wa kompresa. Pakiwa na njia ya umeme kati yao, kompresa hiyo ni hatari, iache.

Hesabu ikikubali na mwili ukiwa salama, huenda fitina haiko ndani ya koili. Itafute nje: rilei, kapasita, nyaya, au umeme wenyewe.

Nasema umeme wenyewe kwa sababu nguvu ya kuanzia hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, msukumo haushuki kwa robo tu. Hubaki karibu asilimia 61. Kompresa nzima kabisa inaweza kushindwa kuanza saa mbili usiku, wakati mtaa wote umewasha pasi na majiko, na ikawaka bila taabu saa kumi alfajiri. Fundi anayekuja usiku huiita maiti.

Jambo la pili ni papara. Friji ikizimika, gesi yake bado imebanwa upande mmoja. Huhitaji dakika tatu hadi tano kusawazika kupitia mrija wake mwembamba. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, mota hutakiwa kuanza huku imebeba mzigo wa gesi, na kidonge cha rilei bado cha moto. Haiwezi. Kinga ya joto hukata, na ndiyo mlio mwingine wa "tak". Kwa hiyo umeme ukianza kuchezacheza, chomoa plagi, ngoja dakika tano, ndipo urudishe. Vile vifaa vya kulinda friji vinavyouzwa madukani kazi yao kubwa ni hiyo: kuzikataa volti mbaya na kungoja.

Na kompresa nyingi za viyoyozi zina kinga hiyo ndani ya tumbo lake. Ikiwa imekata kwa joto, mita itaonyesha kwamba pini ya pamoja haina njia kabisa, kana kwamba koili zote mbili zimekatika. Ngojeni ipoe, hata saa nzima au zaidi, mpime tena. Nimeona nyingi zimetupwa zikiwa moto.

MASHINE ZA SIKU HIZI

Kiyoyozi cha kawaida ni ndugu wa feni ya maktaba. Kapasita yake haiondoki kazini; hubaki na koili ya pili siku zote, nayo imetengenezwa kuvumilia hivyo. Ndiyo maana kapasita za namna mbili hazibadilishani nafasi. Ile ya kuanzishia ukiiweka mahali pa ile ya kudumu, itapasuka. Feni yetu nayo haikuwa na ugonjwa mwingine: kapasita yake ndogo ilikuwa imekufa, na sisi tuliifanyia kazi hiyo kwa ufagio.

Sasa zimekuja friji na viyoyozi vya inveta. Humo fezi moja hugeuzwa kwanza kuwa mkondo wa upande mmoja, kisha elektroniki huutengeneza kuwa fezi tatu, na mwendo huongezwa au kupunguzwa inavyohitajika. Hakuna koili ya kuanzishia wala rilei. Ukipima pini zake tatu utapata ukinzani sawa kwa jozi zote. Atakayetafuta hesabu ya kujumlisha humo ataikosa, na atakayeichomekea rilei ataiharibu. Tena friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, inayoshika moto. Cheche moja mahali palipovuja yatosha kuleta msiba. Kwa hiyo fungueni madirisha, mpime, ndipo mguse.

Mabadiliko haya hayanihuzunishi. Vipimo vimebadilika, wajibu wa kupima haukubadilika.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Mwalimu wetu wa fizikia ametangulia mbele ya haki kabla sijampelekea jibu lake. Kwa sababu hiyo nimelileta hapa, mahali alipouliza. Nimemwomba Mkuu wa Shule anipe nafasi ndogo juu ya meza ya maabara, niiache kompresa hii iliyokatwa, pamoja na rilei mbili na mita. Rilei moja ni nzima. Ya pili midomo yake imeungua, ni ile ile ya mwaka 1986. Vijana, ifungueni mwitazame, ni kitu kidogo kuliko kiberiti.

Na yule atakayekuwa fundi, au daktari, au hakimu, siku atakayoitwa kusema kwamba kitu kimekufa, na aulize kwanza kama kimekosa msukumo. Kompresa hiyo sasa naipitisha. Anzeni upande wa kidato cha kwanza.